Kechapu ya Tonkin: namna ya kumweleza Mvietnam asili ya neno la Kiingereza

Swali lilikuja saa mbili usiku, dakika kumi kabla darasa halijaisha. Nilikuwa na wanafunzi tisa, watu wazima wote, kwenye chumba cha ghorofa ya tatu mjini Hanoi, na somo lilikuwa la kuagiza chakula. Mama mmoja muuguzi, ambaye siku zote huandika tu bila kusema, akainua mkono. "Cô ơi," akasema, maana hivyo ndivyo wanavyomwita mwalimu wa kike, "nimetafuta nyanya ndani ya neno 'ketchup' sijaiona. Hili neno maana yake nini hasa?"

Nikamjibu kwamba ni jina tu, inatosha kulikariri. Akaitikia kwa adabu, akafunika kalamu yake.

Jibu lile lilinisumbua njia nzima hadi nyumbani. Mvietnam haulizi swali kama hilo kwa udadisi mtupu. Lugha yake imemzoesha kwamba neno refu hufunguka. Simu kwao ni điện thoại: điện ni umeme, thoại ni mazungumzo. Biolojia ni sinh học: sinh ni uhai, học ni kusoma. Ukimwambia kwamba neno fulani halina cha ndani, ni kama umempa sanduku lililofungwa na kumwambia alibebe hivyo hivyo. Hata elimu yenyewe ya asili ya maneno ina jina linalojieleza: từ nguyên. Từ ni neno, nguyên ni chanzo.

Ninaandika haya kwa mwalimu mwenzangu anayezungumza Kiswahili na anayewafundisha Wavietnam Kiingereza, awe yuko huko huko Vietnam au anafundisha kwa intaneti. Nitabaki zaidi na neno lile lile la "ketchup", kwa sababu ndilo lililonifundisha kazi hii, na kwa sababu katika maneno yote ya Kiingereza niliyowahi kuyafuatilia, hili linarudi hadi mlangoni kwa mwanafunzi mwenyewe.

Anza na matumizi, asili ingoje

Kosa la kwanza ni kukimbilia historia. Mwanafunzi ambaye hajui kulitumia neno hawezi kufaidi safari yake. Kwa hiyo leta chupa ya kechapu darasani, iweke mezani, na kando yake weka chupa ya nước mắm, ule mchuzi mwembamba wa rangi ya kahawia unaotokana na dagaa na chumvi. Usiseme bado kwa nini umeleta zote mbili. Waache wajiulize.

Kechapu kwa Kivietnam cha leo ni tương cà. Wape jina hilo mara moja, bila kuzunguka, kisha nenda kwenye sentensi. Hapa kuna mtego mmoja unaostahili dakika tano nzima. Kivietnam husema một chai tương cà, yaani "moja, chupa, kechapu", bila kiungo chochote katikati. Ndiyo maana wengi watakuambia "a bottle ketchup". Andika ubaoni "a bottle of ketchup", piga mstari chini ya "of", halafu uwaombe waombe vitu kumi vya mezani kwa mtindo huo: chupa ya maji, bakuli la wali, sahani ya mboga. Baada ya hapo waonye kwamba "ketchup" haihesabiki. Mtu huomba "some ketchup", haombi "two ketchups", isipokuwa yuko mgahawani na anamaanisha vifuko viwili. Hilo linatosha.

Tafuta mlango ulio upande wa mwanafunzi

Kabla ya kueleza asili ya neno lolote, jiulize: katika Kivietnam, neno hili linapakana na nini? Mimi nimekuta milango mitatu.

Mlango mkubwa kuliko yote ni ule wa maneno ya Hán Việt, yaani maneno yenye mizizi ya Kichina yanayosomwa kwa matamshi ya Kivietnam. Yanafanya kazi ile ile ambayo Kigiriki na Kilatini hufanya ndani ya Kiingereza: ni hazina ya vipande vya kuundia maneno ya elimu, ya tiba, ya sheria. Mwanafunzi anayejua kwamba địa ni ardhi katika địa lý, jiografia, na địa chất, jiolojia, hahitaji kushawishiwa kwamba "geo" ni ardhi katika "geography" na "geology". Mwambie tu aweke địa na "geo" kwenye mstari mmoja wa daftari. Nimeona watu waliokuwa wakikariri maneno ya Kiingereza kwa mateso wakianza kuyapasua wenyewe baada ya somo moja la namna hii.

Mlango wa pili ni Kifaransa. Kivietnam kina maneno mengi yaliyoingia wakati wa utawala wa Wafaransa, na mengi yana ndugu zao Uingereza. Kem ni "crème" ya Kifaransa, na "cream" ya Kiingereza ilitoka huko huko. Va li ni "valise". Ban công ni "balcon", ndugu wa "balcony". Xi măng ni "ciment", ndugu wa "cement". Mwanafunzi amekuwa akiyatamka maneno haya tangu utotoni bila kujua kwamba tayari ameshika nusu ya neno la Kiingereza.

Mlango wa tatu ni vitu vyenyewe. Wakati mwingine hakuna undugu wa neno na neno, lakini kitu kinachotajwa kilipita Vietnam, au kilitoka Vietnam. Mlango huu ni mwembamba, na ndio unaoingiza "ketchup".

Chupa mbili mezani

Sasa simulia, taratibu.

Neno "ketchup" halikuzaliwa Uingereza wala Marekani. Maelezo yanayokubaliwa zaidi na wanaisimu yanalipeleka kwenye Kihokkien, lugha ya Kichina ya pwani ya Fujian kusini, ambako kê-tsiap lilikuwa jina la maji ya samaki waliowekwa chumvi. Wafanyabiashara wa Kihokkien walikuwa wametapakaa katika bandari za Asia ya Kusini Mashariki, na Waingereza walilisikia neno huko, ama kwao moja kwa moja au kupitia Kimalay, ambacho hadi leo kina kicap kwa maana ya sosi ya soya.

Andika ubaoni vipande viwili. Kê: samaki waliohifadhiwa kwa chumvi. Tsiap: maji yake. Chini yake andika nước mắm, na usiseme neno. Nước ni maji, mắm ni samaki waliochachuliwa kwa chumvi. Subiri. Katika darasa langu mtu wa kwanza kuona alikuwa kijana wa dirishani. Akachora mishale miwili iliyopishana, tsiap kwenda nước, kê kwenda mắm. Mpangilio umegeuzwa kwa sababu Kivietnam hutanguliza kinachoelezwa, kama Kiswahili, na Kichina hutanguliza kinachoeleza. Lakini jina ni lile lile: maji ya samaki wa chumvi.

Kisha nikaongeza kwamba herufi ya Kichina inayoandika tsiap ina usomaji wake wa Hán Việt, trấp, ambao huandikwa pia chấp. Yule muuguzi akainua kichwa. "Dưỡng chấp!" akasema kwa sauti. Ni neno la wodini kwake: yale majimaji meupe yenye mafuta yanayonyonywa kutoka kwenye utumbo na kupita katika mishipa ya limfu. Dưỡng ni kulisha, chấp ni maji. Alikuwa akiandika neno lile kwenye faili za wagonjwa, na kipande chake cha pili kilikuwa kimelala ndani ya "ketchup" muda wote huo. Sikuwa nimepanga hilo. Lakini ndiyo faida ya kuuacha ubao ukae kimya kidogo: wanafunzi wana lugha yao yote vichwani, na wewe una vipande tu.

Baada ya hapo ingia kwenye historia ya mahali. Waingereza waliiita Vietnam ya kaskazini "Tonqueen" au "Tonkin", kutokana na Đông Kinh, jina la zamani la Hanoi lenye maana ya mji mkuu wa mashariki. (Herufi hizo hizo mbili, zikisomwa Kijapani, ndizo Tokyo. Wanafunzi hupenda kulijua hili, na halikuchukui zaidi ya nusu dakika.) Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ilikuwa na kituo cha biashara Tonkin kuanzia 1672 hadi 1697, mwanzoni kikiwa Phố Hiến, katika Hưng Yên ya leo.

Mwaka 1688 baharia Mwingereza William Dampier alifika Tonkin, na maelezo yake yalichapwa London mwaka 1699. Humo anataja mchuzi wa samaki ambao wenyeji huula na kuku, wa rangi ya kahawia iliyopauka, na anasema Wazungu wengi waliuthamini sawa na soya. Jina la mchuzi ameliandika kama alivyolisikia: "nuke-mum". Andika neno hilo ubaoni kwa herufi kubwa na uwaombe walisome kwa sauti. Darasa langu lililisoma mara mbili, kisha wote wakageukia ile chupa mezani. Nước mắm, ndani ya kitabu cha Kiingereza, zaidi ya miaka 300 iliyopita.

Neno "ketchup" lenyewe lilianza kuonekana katika maandishi ya Kiingereza miaka ile ile, mwishoni mwa karne ya 17, katika kamusi ya lugha ya mitaani, likiandikwa "catchup" na kuelezwa kuwa sosi ya kutoka Mashariki. Na mwaka 1711 mfanyabiashara Charles Lockyer, akiwaeleza wenzake bidhaa za kununua Asia, aliandika kwamba soya huja kwa mapipa kutoka Japani, na kechapu bora kabisa hutoka Tonqueen.

Hapa nenda polepole tena, kwa sababu ndipo uaminifu wa mwalimu unapopimwa. Dampier ameutaja mchuzi wa samaki wa Tonkin kwa jina lake la Kivietnam. Lockyer ameitaja kechapu ya Tonkin kwa jina la kibiashara. Hakuna kati yao aliyesema kwamba hii ndiyo ile. Kuziunganisha ni kazi yetu sisi wasomaji, na ni muunganiko wenye nguvu, lakini waonyeshe wanafunzi kamba ilipofungwa na nani aliyeifunga. Ubaoni mimi huandika kwa rangi mbili: bluu kwa kilichoandikwa na shahidi, nyekundu kwa tunachokihitimisha.

Na nyanya je? Ilichelewa sana. Waingereza walipotaka kuitengeneza kechapu kwao, hawakuwa na mapipa ya dagaa waliokaa juani mwaka mzima, wakatumia walichokuwa nacho. Kitabu cha mapishi kilichotoka London mwaka 1727 kina kechapu ya Kiingereza yenye dagaa wa chumvi, siki, divai nyeupe na viungo. Baadaye zikaja kechapu za uyoga, za chaza, za jozi mbichi. Jina lilibaki, samaki wakaondoka kidogo kidogo. Nyanya iliingia mwanzoni mwa karne ya 19: mwaka 1812 daktari James Mease wa Philadelphia alichapisha maelezo ya kutengeneza kechapu ya nyanya, na mwaka 1876 kampuni ya Heinz ikaanza kuuza ya kwake. Sukari na siki vikaongezeka, na ladha ya leo ikapatikana.

Sasa lirudie swali la muuguzi. Hakuiona nyanya ndani ya neno kwa sababu haikuwahi kuwamo. Neno linasema samaki.

Kuna jambo moja zaidi ambalo nililigundua nikiwa naandaa somo la marudio, na sasa silikosi kamwe. Tương cà, jina la Kivietnam la kechapu, nalo lina hadithi ya namna hiyo hiyo. Tương asili yake ni mchuzi mzito wa soya iliyochachuliwa. Ule wa Bần, huko huko Hưng Yên, unajulikana nchi nzima. Kechapu ya dukani haichachuliwi hata kidogo. Lakini Wavietnam walipohitaji jina la sosi ngeni ya nyanya, walichukua jina la kitu cha mtungini walichokijua, kama Waingereza walivyofanya kabla yao. Waulize wanafunzi: katika tương cà, tương iko wapi? Watacheka kwanza, halafu watanyamaza wakifikiri. Swali ni lile lile aliloniuliza yule mama, ila sasa liko ndani ya lugha yao.

Tarehe ndiyo mizani

Hadithi za asili ya maneno ni tamu, na utamu wake ndio hatari yake. Ukitafuta "ketchup" utakutana na maelezo kwamba limetoka Kikantoni, ke-jap, yaani maji ya nyanya. Linasikika vizuri mno: sauti zinalingana, maana inalingana. Wanafunzi wangu waliolikuta walinijia wakiwa na furaha kubwa.

Usiwakatalie. Wape tarehe wazipime wenyewe. Neno liko kwenye maandishi ya Kiingereza mwishoni mwa karne ya 17. Nyanya inaingia kwenye kechapu zaidi ya miaka 100 baadaye. Kama neno lingekuwa na maana ya maji ya nyanya, watu wangekuwa wanaita samaki na uyoga "maji ya nyanya" kwa karne nzima. Haiwezekani. Darasa likifika hapo lenyewe, limejifunza kanuni itakayolisaidia kwa kila neno: tafuta kwanza neno lilionekana lini, na wakati huo lilimaanisha nini. Sauti kufanana si ushahidi wa kutosha.

Kanuni hii niliipata kwa aibu. Kuna wakati niliwaambia wanafunzi, kwa uhakika wote wa mtu aliyeshika chaki, kwamba bánh mì, mkate wa Kivietnam, ni "pain de mie" ya Kifaransa iliyogeuzwa na ndimi za Kivietnam. Nilikuwa nimelisoma mahali, nikaliamini bila kulipima. Mzee mmoja darasani, mwalimu mstaafu wa fasihi, hakunibishia mbele za watu. Alisubiri wenzake watoke, akanikalisha, akanieleza kwa upole. Bánh ni neno la Kivietnam kwa vyakula vya unga vya kila aina: bánh chưng ya Tết, mwaka mpya wao, bánh cuốn ya asubuhi. Mì ni ngano, neno lenye asili ya Kichina. Na bánh mì imo tayari katika kamusi ya askofu Taberd ya mwaka 1838, miaka 20 kabla manowari za Ufaransa hazijashambulia Đà Nẵng mwaka 1858. Mkate mrefu wenye ganda gumu, huo ndio walioleta Wafaransa. Jina walilikuta.

Somo lililofuata nilianza kwa kusema mbele ya darasa zima kwamba nilikosea, na nikaandika ubaoni 1838 na 1858. Nakushauri ufanye hivyo hivyo siku yako ikifika. Nilichowaambia kilikuwa kimechukua neno lao na kumpa mtu mwingine, na kitu kama hicho hakirekebishwi kwa kunyamaza.

Kwa kupima, mimi hufungua angalau vitabu viwili kwa kila neno: kamusi ya Kiingereza inayotoa tarehe na mifano ya kwanza, kama ile kubwa ya Oxford, na kamusi ya Hán Việt kwa upande wa pili. Zikipingana, neno hilo silifundishi wiki hiyo. Yako mengine mengi.

Mdomo nao ufundishwe

Hadithi ikiisha, rudi kwenye matamshi, kwa sababu neno lisilotamkika halitumiki. Mwanafunzi wa Hanoi atatamka "ketchup" kama silabi mbili zenye uzito sawa, két chấp, zote kwa toni ya kupanda. Hafanyi uzembe. Katika lugha yake, silabi inayoishia na p, t au c haiwezi kubeba toni yoyote zaidi ya mbili, sắc na nặng, na sikio lake limechagua iliyo karibu. Kiingereza hakitaki toni, kinataka mkazo: silabi ya kwanza nzito, ya pili fupi na nyepesi. Mimi huwaambia wapige meza kwa kiganja kwenye "ket" na waguse kwa kidole kimoja kwenye "chup". Baada ya mara kumi mkono huwa umefundisha mdomo.

Ile p ya mwisho iache ilivyo. Wavietnam hufunga midomo bila kuachia pumzi, na Waingereza wengi hufanya hivyo hivyo wakizungumza haraka. Usipoteze muda wa darasa hapo. Ipo kazi kubwa zaidi kwenye s na z za mwisho wa maneno mengine, ambazo Kivietnam hakina na ambazo zikidondoka zinachukua wingi na wakati wa kitenzi pamoja nazo.

Waache walete ya kwao

Hatua ya mwisho ni kuwakabidhi kazi. Kila mwanafunzi atenge kurasa za nyuma za daftari na achore safu nne: neno la Kiingereza, neno la Kivietnam linalopakana nalo, mlango waliokutania, na tarehe au ushahidi. Safu ya nne ikiwa tupu, neno linabaki kwa penseli hadi lipate ushahidi, ndipo lipitishwe kalamu. Neno moja kwa wiki linatosha. Wakileta matano, chagua moja mlifanye vizuri.

Watakuuliza pia kama maneno yao yamewahi kwenda upande wa pili, na jibu ni ndiyo, tena karibuni. Kamusi ya Oxford iliingiza "pho", ile supu ya tambi, mwaka 2007 na "banh mi" mwaka 2011. Waonyeshe yalivyoandikwa: alama za toni zimevuliwa zote. Kisha waombe wakueleze wao, kwa Kiingereza, phở inakosa nini ikiandikwa bila alama zake. Hilo ni zoezi zuri la kuzungumza kuliko mengi niliyowahi kuyatunga, kwa sababu safari hii wanaojua ni wao, na wewe ndiye unayejifunza.

Wiki moja baada ya kechapu, muuguzi alirudi na neno lake la kwanza, "soap". Kando yake alikuwa ameandika xà phòng, na akaongeza kwamba kusini husema xà bông. Safu ya tatu: Kifaransa, "savon". Tukaifungua kamusi pamoja. "Soap" ya Kiingereza ni neno la kale la ukoo wa lugha za Kijerumani. Kilatini kililiazima neno hilo kutoka kwa watu wa kaskazini likawa "sapo", Kifaransa kikapata "savon" kutoka kwa Kilatini, na Kivietnam kikapata xà phòng kutoka kwa Kifaransa. Maneno mawili ya mwanafunzi mmoja, yaliyotengana Ulaya na kukutana tena kwenye daftari lake.

Akauliza, "Na lugha yako, cô, inasemaje?"

Nikamwambia: sabuni. Tumelipata kutoka Kiarabu, ṣābūn, na Waarabu waliletewa na Kilatini kile kile kupitia Kigiriki. Akaliandika chini ya xà phòng, herufi kwa herufi, akalitamka mara tatu hadi nikatikisa kichwa kukubali. Tangu siku hiyo daftari za darasa langu zina safu ya tano.